Matundu Ishirini na Manne

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya misa Baba Paroko amenivuta pembeni, pale ukumbini tunaposalia siku hizi, penye ndoo za kukingia bati linalovuja, akaniambia ana kazi yangu. Nikadhani ni ile ngazi iliyolegea. Kumbe anataka niandike historia ya kanisa. Kanisa jipya litatabarukiwa tarehe 23 Novemba, askofu atakuja, na kila mgeni atapewa kijitabu.

"Kurasa nne tu, mzee. Wewe ulichanganya chokaa ya kanisa la kwanza. Nimeuliza kote, waashi mliobaki ni wewe na kaka yako, na kaka yako naambiwa afya yake ndiyo hivyo tena."

Nikamwambia mimi ni mpiga lipu, kalamu siiwezi. Akacheka, akanipiga begani, akaenda zake kubariki pikipiki ya mtu. Ana miaka mitano tu hapa kwetu. Akishakuomba jambo, kwake limekwisha.

Nimenunua daftari kubwa la jalada gumu. Mbele itakuwa historia. Huku nyuma, nimeligeuza juu chini, naandika yangu, maana miaka yote nikiwa kazini niliandika kila jioni nilichofanya, na tangu mgongo uninyang'anye mwiko nimekuwa kama mtu aliyekatazwa kusema.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua ya kwanza. Saa nzima, kisha jua. Mbele ya daftari nimeandika neno moja: Kanisa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa kaka. Anakaa kwa binti yake tangu shemeji afariki. Binti alinipokea mlangoni, akaninong'oneza, "Baba mdogo, una bahati. Kuna siku yupo, kuna siku hayupo. Leo yupo."

Alikuwepo kweli. Alikuwa amekaa dirishani, shati limefungwa hadi shingoni, akanipokea kama anavyonipokea siku zote: "Umechelewa." Sikuwa nimemwambia nitakuja.

Nilipomwambia habari ya kijitabu, macho yake yalichangamka. Alinieleza shimo la chokaa nyuma ya nyumba ya padri, jinsi tulivyoiloweka miezi mitatu kabla ya kujenga jiwe hata moja, na jinsi alivyomfukuza fundi aliyetaka kuitumia kabla haijaiva. Akanikumbusha kwamba kila muumini alikuja misa na jiwe moja, na kwamba bibi mmoja alileta jiwe la kusagia la nyumbani kwake, nalo likaingia ukutani. Akachora kwa kidole hewani yale matao manne. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu wakati ule, yeye thelathini na minne. Watu walimwita Timazi, kwa sababu katika maisha yake hakujenga ukuta uliopinda hata unene wa ukucha.

"Na matundu uandike," alisema. "Ishirini na manne. Kumi na mawili ukuta wa kusini, kumi na mawili wa kaskazini, kimo cha goti. Ukuta wa chokaa unakunywa maji ya ardhi, lazima upate pa kuyatolea. Ukiuziba, unaoza kwa ndani, nje unauona mzima."

"Nitaandika, kaka."

"Hilo jipya wameliwekea?"

"Sijaangalia."

"Kaangalie, mdogo wangu. Wasije wakasema ni mimi tena."

Aliisema polepole tu, bila uchungu, kisha akaomba chai. Yangu niliiacha mezani.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua siku ya tatu mfululizo. Mbele ya daftari nimefika ukurasa wa pili. Nimeandika shimo, mawe, jiwe la kusagia, matao. Nimeandika hivi: "Katika jubilei ya miaka ishirini na mitano, kanisa lilipigwa lipu ya saruji ndani na nje." Lilipigwa. Kana kwamba mwiko ulitoka wenyewe kwenye ndoo.

Nani atasoma huku nyuma? Basi niandike. Lipu ile nilipiga mimi. Kaka alikuwa mbali, akijenga shule. Baraza la parokia lilitaka kanisa liwe jeupe na laini kwa siku ya jubilei, na mwenyekiti wa wakati ule akanionyesha yale matundu akasema yanaingiza mijusi, na yanafanya kanisa lionekane kama banda la kuku. Nilijua kazi ya matundu. Nilichimba chokaa ile kwa mikono yangu, nitaachaje kujua? Lakini ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa bila kaka, kila mtu akiniita fundi, fundi, na nilikuwa nimechoka kuwa mdogo wake Timazi. Nikafanya kama nifanyavyo siku zote kwenye tundu: nikachukua karatasi za mifuko ya saruji, nikazilowesha, nikazisokota, nikazishindilia, nikapiga lipu juu. Yote ishirini na manne. Kanisa liling'aa hadi watu wakapiga vigelegele.

Kaka aliporudi aliingia kwa mlango wa mbele, akaona weupe, akasema, "Umenyoosha vizuri." Kwamba matundu yamezibwa hakuona, maana alikwishaanza kuvaa miwani na alikuwa mwenye kiburi, haivai kanisani.

Mwaka wa nne, katikati ya mvua kama hizi, ukuta wa kusini ulilala chini. Ilikuwa Jumanne, kanisani hapakuwa na mtu ila mama aliyekuwa akifagia, naye jiwe lilimpata mguuni. Hadi leo anachechemea. Paa likaufuata ukuta.

Watu walikusanyika kwenye kifusi. Mmoja akachukua udongo wa kati ya mawe, akausugua kiganjani, ukawa unga. "Hii chokaa ilipunjwa," akasema. "Timazi aliuza chokaa yetu." Ulikuwa unga kwa sababu maji yalikaa ndani miaka minne yakaula. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Kaka alinitazama, mimi nikatazama kifusi, na kwenye kifusi nikaiona karatasi ya mfuko wa saruji imejisokota. Nikainama nikaiokota. Kisha nyingine. Watu walidhani nasafisha.

Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita. Tangu siku ile kaka hakukanyaga kanisani, na hakuna aliyempa tena kazi hata ya kujenga choo.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Sikuandika mbele.

Jumamosi, 18 Oktoba

Injinia wa kanisa jipya ni binti mdogo, ana buti kubwa kuliko yeye. Mwanzoni nilimdharau, sina budi kukiri. Lakini nimezunguka naye saiti leo, na sina kasoro ya kumtoa. Mawe ya zamani ameyarudisha chini, hadi kimo cha kifua, juu yake amepandisha matofali ya kuchoma. Mapaa ameyatokeza mbele sana, maji yadondokee mbali na msingi. Matao ni manne, kama ya kaka. Sehemu ya chini ya ukuta wa kaskazini haikuanguka, ameiacha pale pale ilipo na kuibandua lipu tu.

"Mzee, njoo nikuonyeshe kitu," akasema.

Alinipeleka ukuta wa kaskazini. Matundu kumi na mawili yamefunguliwa, safi, yamekaa kwa mstari. Nilitaka kupiga magoti. Kisha akatoa mfuko wa plastiki kwenye mkoba wake. Ndani mlikuwa na karatasi zangu, kumi na mbili, zimesokotwa kama nilivyozisokota, na kwenye moja maandishi ya kiwanda bado yanasomeka.

"Aliyejenga huu ukuta alikuwa bingwa," akasema. "Nimepima, haujapinda hata kidogo. Chokaa nayo iko sawa kabisa, huku juu ambako maji hayakufika ni ngumu mpaka patasi inateleza. Sasa nani aliyekuja kuyaziba? Ndiye aliyeliangusha kanisa. Wewe ulikuwepo, unamjua?"

Nilikuwa na sekunde mbili au tatu. Mvua ilikuwa inagonga turubai. Alikuwa ananitazama kwa heshima kabisa, kama mtu anavyomtazama babu yake.

"Sijui," nikasema. "Ni zamani."

"Pole yake," akasema, akarudisha mfuko mkobani. "Na mimi nimeyaweka kusini pia, kumi na mawili, vile vile. Sikubuni kitu, nimemwiga yule mzee."

Nilitembea nyumbani bila mwavuli, makusudi. Ni upuuzi, kana kwamba kulowa ni malipo.

Jumapili, 19 Oktoba

Baba Paroko ameuliza historia imefika wapi. Nimemwambia iko jikoni. Akasema isiungue.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mke wangu amesoma mbele ya daftari. Nyuma hakusoma, hana haja.

"Umeruka lipu," akasema.

"Nimeiandika. Ukurasa wa pili."

"Umeandika lilipigwa." Aliendelea kukunja nguo. "Mimi siku ile kanisa lilipoanguka nilitoa karatasi kwenye mifuko ya suruali yako. Ukaniambia nitupe, kisha ukaninyang'anya ukazichoma mwenyewe. Unafikiri nilidhani ni za nini? Nimeolewa na fundi miaka thelathini na nane."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Sasa tumezeeka, na bado nangoja."

Hakunigombeza, ndipo uzito wake ulipokuwa. Nimekata shauri: namwambia kaka kwanza, uso kwa uso, kabla ya mtu mwingine yeyote. Kesho.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua kubwa, njia imejaa maji. Kesho.

Jumapili, 26 Oktoba

Mjukuu anaumwa, tumempeleka zahanati. Ni mafua tu.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimekwenda. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, hata nikayasema kwa sauti, mtu mmoja akanipisha njia akidhani nimerukwa na akili.

Binti alikuwa anacheka mlangoni. "Leo baba yupo kuliko mimi." Na ni kweli, sijamwona vile mwaka mzima. Alikuwa ameomba timazi yake, ile ya uzi na risasi, itolewe sandukuni, ameitundika dirishani, anapima fremu ya dirisha ya mwanawe, anaisema vibaya kweli kweli. "Huyu aliyefunga dirisha hili alikuwa na jicho moja, na hilo moja lilikuwa na usingizi." Tulicheka hadi mbavu zikauma. Akanikumbusha siku nilipotumbukia kwenye shimo la chokaa nikatoka mweupe, na padri mzee akanikimbia. Alikumbuka hata shairi alilonitungia. Alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, tulifanya kazi, sisi."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nikajiambia: mwache afurahi. Miaka kumi na moja hajacheka hivi, wewe umwagie maji leo? Njoo kesho kutwa. Nikanywa chai ya pili.

Sasa niko nyumbani na najua nilichokilinda si furaha yake.

Alhamisi, 30 Oktoba

Binti amepiga simu asubuhi. Kaka alitoka mwenyewe jana kwenye mvua, wakamkuta barabarani ameanguka, amelowa chapachapa. Hakuvunjika. Ana homa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Homa bado. Mvua bado.

Jumanne, 4 Novemba

Homa imeshuka. Nimekaa kando ya kitanda chake tangu saa tatu. Alinitazama muda mrefu kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni ambaye hutaki kumuuliza jina.

"Wewe ni wa kanisani?" akaniuliza.

"Ndiyo, kaka. Ni mimi."

"Wamekutuma kwa ajili ya chokaa."

Nikasema hapana, hakuna aliyenituma, nimekuja mwenyewe kukwambia jambo. Nikaanza. Nilisema yote, safari hii sikumeza hata neno: jubilei, matundu, karatasi, kifusi. Nilikuwa nimemshika mkono na nililia, sioni haya kuandika. Yeye akanisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hapana, bwana. Usijibebeshe. Mimi ndiye niliyepunja chokaa. Kila mtu anajua."

"Hukupunja, kaka! Hukupunja hata karai moja!"

"Nilipunja," akasema, akanipapasa mkono kunituliza. "Sikumbuki niliipeleka wapi, lakini nilipunja. Yule mama akaumia mguu. Waambie nimekubali."

Binti alikuwa mlangoni na sinia mkononi. Amesikia yote. Hakunikaribisha chakula, na sikustahili.

Kaka alijua hadi juzi kwamba hana hatia. Alijua peke yake miaka kumi na moja, dhidi ya watu wote, na hilo ndilo alilokuwa amebaki nalo. Sasa limemponyoka hilo pia, na uongo wao ndio uliobaki kichwani. Uongo wao nini? Wangu. Wiki iliyopita alikuwa anacheka dirishani na mimi nikanywa chai ya pili.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwendea Baba Paroko. Nilitaka kuungama. Akanisikiliza, akaniondolea dhambi, kisha akavua stola shingoni, akaikunja, akasema yanayofuata anayasema nje ya kitubio, na nina hiari ya kukataa.

"Dhambi tumemaliza na Mungu. Jina la kaka yako bado liko mikononi mwa watu. Hilo mimi siwezi kulirudisha kwa ishara ya msalaba."

"Nifanye nini, Baba?"

"Niliomba kurasa nne. Niletee tano."

Jumatano, 12 Novemba

Nimeandika ukurasa wa tano mara sita. Mke wangu ameusoma mara sita. Mara ya sita alisema, "Huo," akaenda kuepua sufuria.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimemtafuta Injinia saiti nikamwambia aliyeziba ni mimi. Alifungua mkoba wake. Kisha akanipa ule mfuko wa karatasi. Hakuniita mzee. Akarudi kazini.

Jumapili, 16 Novemba

Nimesoma ukurasa wa tano mbele ya waumini wote, ukumbini, kabla ya baraka ya mwisho. Nilisoma nimeshika meza. Niliwaonyesha zile karatasi. Yule mwenyekiti wa zamani alikuwa amekaa safu ya tatu. Nilipofika kwenye mijusi na banda la kuku alianza kutafuta mwavuli wake, na hakuwa ameuweka mbali. Sikumtaja, wala sina cha kumlaumu. Yeye hakujua kazi ya matundu.

Nilitegemea wanizomee. Badala yake walikuja mmoja mmoja kunishika mkono, eti ni ujasiri, eti Mungu akubariki. Yule mama anayechechemea tu ndiye aliyepita bila kunigusa, akasimama mlangoni akageuka.

"Kaka yako alinijia hospitali siku ile ile," akasema. "Aliniletea matunda. Mimi nikamwambia mlinzi amtoe."

Kisha akaondoka. Wale walionishika mkono leo, sikumwona hata mmoja aliyewahi kumshika kaka yangu mkono miaka kumi na moja.

Jumatano, 19 Novemba

Vijitabu vimetoka. Kurasa tano. Binti amesoma. Amesema kwenye simu, "Baba mdogo, Jumapili nitamleta," akakata.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika kabla ya maandamano. Sitaandika habari za askofu, wengine wataziandika. Mwanga unaingia kwa madirisha ya juu na kuteremka kwenye matao hadi kwenye altare, na jiwe la kusagia limerudi ukutani, kulia kwa mlango, bado lina bonde lake katikati. Kaka alikaa mstari wa mbele na koti lake la zamani. Mama anayechechemea alikwenda akakaa kando yake, na wakati wa amani akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kaka akamwuliza mguu unaendeleaje. Sijui ulitoka wapi ule mguu katika kichwa kile.

Baada ya misa nilimshika mkono tukazunguka nje, taratibu, hadi ukuta wa kusini. Aliniita fundi, alidhani ni mtu wa saiti. Alipoona matundu alisimama. Akainama mwenyewe, bila kusaidiwa, akaingiza vidole viwili kwenye tundu la kwanza, akavitoa, akavisugua.

"Unapumua," akasema. "Nani kajenga?"

"Kanisa la kwanza ulijenga wewe."

"La kwanza lilianguka."

"Matundu yake niliyaziba mimi. Nikapiga lipu juu. Nikanyamaza watu wakasema ni wewe. Wewe hukupunja chochote."

Alinitazama. Nilitafuta usoni mwake kitu chochote, hasira, hata kofi ningelipokea. Alikuwa anafikiri tu, kama fundi mwenzangu aliyepewa tatizo la kazi.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa watu. Kisha nikaogopa kaka yangu."

"Unaye kaka?"

"Ninaye."

"Mkubwa?"

"Mkubwa."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi nenda kamwambie, fundi. Usingoje. Sisi wakubwa tunazeeka ghafla." Akapapasa ukuta, jiwe kwa jiwe, hadi akafika tundu la pili. "Anakaa mbali?"

"Si mbali."

"Basi nenda leo."

Nikamwambia nitakwenda, nikamfunga vifungo vya koti, maana upepo ulikuwa umeanza tena, tukaenda hadi tundu la tatu.